KILA NATI NA KOPO LAKE

Nyumba nyingi za kijijini zina kopo moja la mchanganyiko. Pengine liko chini ya kitanda, pengine ghalani, pengine juu ya dari. Ndani yake mna nati, bolti, misumari iliyopinda, skrubu, gololi, vipande vya waya na hata kifungo cha shati. Jirani akija kuuliza, "Shemeji, una nati ya baiskeli?" mwenye kopo hujibu, "Hazikosekani, ngoja nitafute." Basi humwaga kopo zima chini, huchakura kama kuku, na baada ya nusu saa husema, "Aa, ilikuwepo, lakini siioni."

Kitu usichoweza kukipata wakati unapokihitaji ni sawa na kitu usichokuwa nacho. Leo tutaeleza jinsi ya kupanga vitu hivi vidogo vya chuma, ili kila kimoja kiwe na mahali pake na kipatikane upesi. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji makopo matupu, siku moja ya nafasi, na ule ujuzi tulioupata katika kisomo: kusoma, kuandika na kuhesabu.

Tukisema karakana ya nyumbani, hatuna maana ya jengo kubwa. Kibaraza cha fundi baiskeli ni karakana. Kivuli cha mwembe anapokaa seremala ni karakana. Hata kona ya chumba alipoweka mama cherehani yake ni karakana, maana cherehani nayo ina skrubu zake ndogo, na ikipotea moja kushona kunasimama.

HASARA YA BOLTI MOJA

Tuseme ni mwezi wa Novemba, mkoani Shinyanga. Mvua ya kwanza imenyesha usiku. Asubuhi na mapema ng'ombe wamefungwa nira, plau imeingia shambani. Katika mzunguko wa tatu, bolti inayoshika jembe la plau inakatika.

Mkulima aliyepanga vitu vyake anamtuma mtoto nyumbani: "Nenda kwenye kopo lililoandikwa PLAU, lete bolti moja na nati yake." Mtoto anarudi mbio. Bolti inafungwa, kazi inaendelea.

Mkulima mwenye kopo la mchanganyiko anarudi nyumbani mwenyewe. Anamwaga, anachakura, anajaribu hii, anajaribu ile. Anaipata bolti, lakini nati haimo. Anapanda baiskeli kwenda dukani mjini. Akirudi, jua ni kali, ng'ombe wamechoka, na siku imekwisha. Kesho yake mwenye ng'ombe anawataka ng'ombe wake, kwa sababu walikodiwa siku moja tu. Hapo hasara si ya bolti. Hasara ni ya shamba lisilolimwa, na mvua haimngoji mtu.

Vivyo hivyo kwa baiskeli inayompeleka mgonjwa zahanati, au mkokoteni unaopeleka pamba kituoni. Vyombo vikubwa hushikwa na vitu vidogo.

HATUA YA KWANZA: MWAGA NA UCHAMBUE

Chagua siku isiyo na kazi ya shamba. Tandika gunia au turubai mahali penye mwanga. Mwaga vitu vyote juu yake. Mwite mumeo, mkeo au kijana wako msaidiane, maana atakayechambua leo ndiye atakayejua kesho kitu kiko wapi.

Chambua kama tunavyochambua maharage. Kwanza tenga aina:

1. Misumari.
2. Skrubu za mbao, zile zenye ncha kali.
3. Bolti, zile zisizo na ncha, zinazofungwa kwa nati.
4. Nati.
5. Washa, yaani vile visahani vyenye tundu katikati.
6. Vitu vya baiskeli: gololi, spoku, vali na pini.
7. Vitu vya mlango na dirisha: bawaba, komeo na vitasa.

Usianze kutenga kwa ukubwa kabla hujamaliza kutenga aina. Ukifanya yote mawili kwa pamoja utachanganyikiwa, na kazi utaiacha njiani.

Ukikuta nati na bolti vinavyopatana, vifunge pamoja hapo hapo. Usiviachanishe. Na ukifungua chombo cho chote kwa kukitengeneza, fanya hivyo hivyo: rudishia nati kwenye bolti yake kabla hujaiweka chini.

Vile vilivyoliwa na kutu hata umbo limepotea, au vilivyokatika, usivirudishe. Viweke kando, uviuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Msumari uliopinda unaweza kunyooshwa, lakini ukatumike kwa kazi ndogo, kama kugongea banda la kuku. Usiutegemee kwenye paa.

Vyenye kutu kidogo viloweke katika mafuta ya taa usiku mmoja, kisha uvisugue kwa brashi ya waya. Vifute, vikaushe juani, halafu vipake mafuta kidogo ya baiskeli kwa kitambaa. Kutu huja chuma kinapokutana na maji na hewa, na chumvi huiharakisha. Ndiyo maana wenzetu wa pwani hupata taabu zaidi. Mafuta huzuia maji yasiguse chuma. Kazi ya kuloweka ifanyike mbali na moto, na usivute sigara hapo.

HATUA YA PILI: IJUE NATI YAKO

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Nati mbili zinaweza kufanana kwa macho, na bado kila moja ikawa na bolti yake.

Tazama bolti kwa karibu. Utaona mistari inayozunguka kama nyoka aliyejiviringa kwenye mti. Mistari hiyo huitwa hesi, na mafundi wengine huiita meno. Hesi ya nati lazima ifanane na hesi ya bolti, kwa unene na kwa nafasi kati ya mstari na mstari.

Zamani kila kiwanda kilikata hesi kilivyopenda. Nati ya kiwanda hiki haikuingia katika bolti ya kiwanda kile. Mwaka 1841, fundi mmoja Mwingereza, Joseph Whitworth, alipendekeza kipimo kimoja kwa nchi nzima. Mwaka 1864, William Sellers wa Marekani naye alileta kipimo chake. Vyote viwili vilipimwa kwa inchi, lakini havikufanana. Baadaye nchi nyingi zilishika kipimo cha milimita. Kwa sababu hiyo, kopo moja la kijijini linaweza kuwa na bolti ya inchi iliyotoka kwenye trekta la zamani, na bolti ya milimita iliyotoka kwenye pikipiki ya juzi.

Mfano mmoja wa kukumbuka. Bolti ya inchi inayoitwa 5/16 ina unene wa karibu milimita 7.9. Bolti ya milimita 8 ina unene wa milimita 8. Nani atazitofautisha kwa macho? Hakuna. Lakini hesi zake hazifanani. Ukilazimisha nati ya moja katika bolti ya nyingine, itaanza kuingia, halafu itakwama. Ukiongeza nguvu kwa spana, utakuwa umeua nati na bolti pia.

Kwa hiyo jaribu kwa vidole kwanza, si kwa spana. Nati ikizunguka mara tatu au nne bila kukwama, ndiyo yake. Ikikwama, iache.

Tunashauri ujitengenezee ubao wa kupimia. Chukua ubao mdogo. Tafuta nati nzuri za ukubwa unaoutumia zaidi, kisha zifunge kwenye ubao kwa waya, na chini ya kila moja andika namba yake. Ukiokota bolti usiyoijua, jaribu kuiingiza katika nati hizo, moja baada ya nyingine. Itakapoingia vizuri, umekwisha jua jina lake.

KUSOMA NAMBA ZA BOLTI

Bolti ya milimita huandikwa kwa herufi M. M6 maana yake unene wa milimita 6. M8 ni milimita 8. Ukiona M8 x 40, namba ya pili ni urefu: milimita 40, yaani sentimita 4. Urefu hupimwa kuanzia chini ya kichwa hadi mwisho. Lakini bolti ambayo kichwa chake huzama kikalala sawa na chuma, kama zile za jembe la plau, hupimwa pamoja na kichwa.

Sasa angalia jambo hili. Namba ya spana si namba ya bolti! Spana hushika kichwa, na kichwa ni kipana kuliko mwili. Kwa kawaida:

M6 hufungwa kwa spana namba 10.
M8 hufungwa kwa spana namba 13. Kwenye pikipiki mara nyingi ni 12.
M10 hufungwa kwa spana namba 17. Nyingine ni 16.
M12 hufungwa kwa spana namba 19. Nyingine ni 18.

Ukienda dukani ukasema, "Nipe bolti ya 10," mwenye duka hajui kama unataka M10 au ile ya spana namba 10. Unaweza kurudi nyumbani na bolti isiyofaa, na nauli imekwenda bure. Njia iliyo salama ni kwenda na bolti ya zamani mfukoni, pamoja na namba yake kwenye karatasi.

Bolti nyingine zina namba juu ya kichwa, kama 4.6 au 8.8. Hizo zinaeleza nguvu ya chuma chake. Bolti ya 8.8 huanza kukatika ikivutwa kwa nguvu ya kama kilo 80 kwa kila milimita mraba. Ile ya 4.6 ni kama kilo 40, yaani nusu yake. Basi palipokuwa na bolti ya 8.8 usiweke ya 4.6, hata kama zinalingana kwa unene na urefu. Kwenye mkokoteni au breki ya pikipiki, kosa hilo linaweza kuvunja mguu wa mtu. Zipe bolti za 8.8 kopo lake peke yake.

Kuna na nati zenye pete ya plastiki ndani. Pete hiyo huishika bolti isilegee. Nati ikifunguliwa, pete hulegea, na nguvu yake hupungua. Usichanganye zilizotumika na mpya.

Na kwa mafundi baiskeli: pedeli ya kushoto hufungwa kinyume. Hesi yake inazunguka upande mwingine. Andika KUSHOTO kwenye kopo lake, usije ukailazimisha upande wa kulia ukaharibu mkono wa pedeli.

HATUA YA TATU: VYOMBO

Si lazima kununua masanduku ya dukani. Makopo ya maziwa ya unga yanafaa. Chupa za plastiki za maji zinafaa pia: kata sehemu ya juu, na chini itabaki kikombe. Tazama ndani kabisa bila kufungua! Vibuyu vidogo navyo vinafaa. Kwa nati na washa, njia nyepesi ni kuzitunga kwenye waya kama shanga, kila ukubwa waya wake, kisha zining'inize kwenye msumari ukutani.

Kopo lililokuwa na dawa ya pamba au dawa ya ng'ombe usilitumie kamwe, hata ukilisafisha.

Mwenye mbao anaweza kutengeneza kasha lenye vyumba 12. Ndani liwe na urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 8. Kata vibao 2 vyembamba vya urefu wa sentimita 60, na vibao 3 vya sentimita 45, vyote vya upana wa sentimita 8. Katika kila kibao cha sentimita 60 kata mikato 3, na katika kila kibao cha sentimita 45 kata mikato 2. Mkato uachane na mkato kwa sentimita 15, na kila mmoja uingie sentimita 4, yaani nusu ya kibao. Sasa vipachike, mkato ndani ya mkato. Utapata mistari 3 yenye vyumba 4 kila mmoja. 3 mara 4 ni 12. Kila chumba ni kama sentimita 15 kwa 15, na hakuna msumari hata mmoja uliotumika katikati.

Vizito viweke chini, vyepesi juu. Vile unavyotumia kila siku viwe karibu na mkono. Nati ya plau inayotumika mara moja kwa mwaka ikae nyuma, lakini ijulikane iko wapi.

HATUA YA NNE: ANDIKA

Kopo lisiloandikwa leo ni kopo la mchanganyiko kesho. Andika kwa herufi kubwa: NATI M8. MISUMARI INCHI 3. WASHA KUBWA. Karatasi iliyobandikwa huliwa na mende na huchafuka kwa mafuta. Ni bora kuandika kwa rangi, au kukwaruza bati kwa ncha ya msumari.

Pamoja na maandishi, funga mfano mmoja nje ya kopo kwa waya. Kopo la nati lining'inizwe nati, la skrubu lining'inizwe skrubu. Bibi asiyejua kusoma ataona, na mtoto anayeanza shule atasoma neno huku akikitazama kitu chenyewe. Hivyo ukuta wa karakana unakuwa ubao wa darasa.

Kazi inapoendelea, tumia kopo moja tupu kwa kila kazi. Baiskeli ya mteja ikifunguliwa, vitu vyake vyote viingie humo, na jina lake liandikwe nje kwa chaki. Gololi zihesabiwe mbele yake. Katika baiskeli nyingi za kawaida, gurudumu la nyuma lina gololi 9 kila upande, yaani 18. Fundi anayehesabu mbele ya mteja hasingiziwi wizi.

MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI

Methali hii tumeisikia sana. Kwa vitu vidogo ni kweli zaidi. Chukua daftari, ukurasa mmoja uupige mistari minne: kitu, vilivyopo, vilivyotoka, vilivyobaki. Kama nati za M8 zilikuwa 20, na wiki hii zimetoka 6, zimebaki 14. Hesabu hii ni ndogo, lakini ndiyo inayomwambia fundi ni kitu gani kinakwenda upesi, na bei gani amtoze mteja.

Hata asiyependa kuandika kila siku ana njia. Chukua nati 4 za kila aina, zifunge katika kitambaa, uziweke chini kabisa ya kopo. Hiyo ni akiba. Siku utakapolazimika kufungua kitambaa, ndiyo siku ya kuandika kitu hicho katika orodha ya kununua. Hutaishiwa ghafla.

Ukurasa mwingine uwe wa kuazima. Hapa kuna aibu, tunajua. Mtu anakuja:

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu, habari za huko?"

"Nzuri. Naomba spana namba 13 na nati mbili, nitarudisha jioni."

Ni vigumu kutoa daftari mbele ya ndugu. Lakini spana isiyorudi imevunja undugu mwingi kuliko daftari. Sema kwa upole tu: "Chukua, ila naandika kwa sababu mimi ni msahaulifu." Mwandikie mbele yake: jina, kitu, tarehe. Akirudisha, akate mstari yeye mwenyewe. Hakuna atakayemdhania mwenzake.

USALAMA WA WATOTO NA WAKUBWA

Nati na gololi zinang'aa, na mtoto mdogo hutia kila kitu mdomoni. Makopo yakae juu, mtoto asipofikia. Mtoto akimeza, mpeleke zahanati. Akipaliwa asiweze kupumua, usingoje: piteni mgongoni, mpige kati ya mabega kwa kiganja huku kichwa kikiwa chini kuliko kifua, na mkimbizeni apate msaada.

Mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda au ya maji. Watoto wengi wamekunywa kwa kudhani ni kinywaji. Mtoto akinywa, msimtapishe, maana mafuta yataingia mapafuni. Mpelekeni hospitali mara moja.

Misumari isitawanyike uani. Ukichomwa na msumari, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha nenda zahanati ukaulize juu ya sindano ya pepopunda. Watu husema kutu ndiyo huleta pepopunda. Sivyo. Huletwa na vijidudu vinavyokaa katika udongo na samadi, navyo huingia ndani pamoja na msumari.

TUMALIZIE

Panga siku moja, halafu tunza kila siku. Kabla ya kufunga kazi jioni, tumia dakika tano kurudisha kila kitu mahali pake. Mwisho wa mwezi, hesabu. Kabla ya msimu wa kulima, kagua kopo la plau, uhakikishe bolti na nati zake zimo na zinapatana. Aliye tayari kabla ya mvua hatahangaika mvua ikija.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Je, nyumbani kwako kuna kopo la mchanganyiko? Lina aina ngapi za vitu ndani yake?
2. Bolti ya M8 hufungwa kwa spana namba ngapi? Kwa nini si namba 8?
3. Kwa nini tusilazimishe nati kwa spana kabla ya kuijaribu kwa vidole?
4. Fundi alikuwa na washa 50. Ametumia 17 na kuazimisha 5. Zimebaki ngapi?
5. Ni vitu gani vidogo vya chuma ambavyo kijiji chenu hukosa wakati wa kulima? Je, mnaweza kuchanga na kuweka kopo moja la akiba la kijiji, lenye daftari lake?